Ngomeni imo katika habari za galaksi

Kwa Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya galaksi, ile mikusanyiko mikubwa mno ya nyota, na mwandishi amejitahidi. Lakini zile zenye umbo la punje ya adesi, ziitwazo lentikula, amezimaliza kwa sentensi moja: eti ni galaksi zilizochoka. Zimechoshwa na nini? Hapo angetuuliza sisi wa Malindi.

Lentikula ina sahani ya nyota kama Njia Nyeupe, galaksi yetu, na kitumbo katikati, ila mikono ile iliyojipinda haina na gesi imebaki haba. Pasipo gesi nyota mpya hazizaliwi, ndipo mwanga wake ukawa wa manjano, wa nyota kongwe. Tena ujirani una neno lake. Sisi tumo katika kikundi kidogo pamoja na galaksi jirani ya Andromeda, na humu galaksi zote kubwa zina mikono. Tazama sasa kundi kubwa lililo upande wa buruji ya Mashuke, miaka ya nuru milioni 54 hivi kutoka hapa (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Galaksi zaidi ya elfu moja zimesongamana, na adesi zimo tele.

Kilichojaa kati ya galaksi hizo kilijulikana kwa setilaiti iliyorushwa kutoka jukwaa la baharini huku kwetu Ngomeni, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi ya kupima eksirei za angani tu. Ikakuta makundi kama hilo la Mashuke yanang'aa kwa eksirei eneo zima: ni gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Nobel mwaka 2002.

Galaksi ikiingia humo kwa kasi ya kilomita elfu moja kwa sekunde hupigwa na gesi hiyo kama upepo. Kaa omo ya mashua wakati wa kusi bila kushika kofia, utajua. Nyota haziguswi, gesi ndiyo inayopeperushwa. M86, galaksi ya kundi hilo la Mashuke ambayo mnajimu Mfaransa Charles Messier aliiorodhesha mwaka 1781, huonekana kwa eksirei ikiburura mkia wa gesi nyuma yake. (Wengine huihesabu kuwa ya duaradufu, yaani ya umbo la yai lisilo na sahani, ubishi huo nawaachia wenyewe.) Si adesi zote zilizopatwa na upepo, maana katika vikundi vidogo nyingine ziliharibiwa na jirani aliyepita karibu mno au aliyegongana nazo.

Majukwaa ya Ngomeni yangali baharini juu ya miguu yake ya chuma. Nilipowapeleka wajukuu ufukweni, mdogo wao aliniuliza, "Babu, pale wanachimba mafuta?" Sikumlaumu, kwani kitabu chake cha shule hakina hata mstari mmoja juu ya Uhuru. Mwandishi wenu akirudia mada hii, naomba aanzie pale.

Mwalimu mstaafu,
Malindi