Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nakuru: madereva waulizwe wanavyopumua usingizini

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mwalimu wa shule ya msingi katika kaunti hii, na mke wa dereva wa trela anayebeba mizigo kutoka Mombasa hadi Malaba. Ombi langu ni kwamba uagize kila kliniki ya presha na kila kituo cha kaunti kinachowapima madereva kianze kuuliza swali ambalo mimi na mume wangu hatukuulizwa kwa muda mrefu: mgonjwa huyu akilala, anapumuaje? Kwa kutoulizwa swali hilo, watu wenye ugonjwa unaotibika wanaachwa washike usukani huku wakisinzia, kwenye mteremko wa Sachangwan na Salgaa ambako sekunde chache za kufumba macho zinatosha kuleta msiba.

Ugonjwa wenyewe ni wa kukatika kwa pumzi usingizini, ambao madaktari huuita apnea. Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengi wetu njia ya hewa hubaki wazi, lakini kwa mgonjwa ulimi na nyama laini za nyuma ya koo huiziba, huku kifua kikihangaika kuvuta hewa isiyopita. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, hilo huhesabiwa kuwa tukio moja. Oksijeni hushuka katika damu, ubongo hushtuka na kumzindua mtu kwa kitambo kifupi mno hata asikumbuke asubuhi, koo hufunguka kwa mkoromo mkubwa, kisha mambo huanza upya. Matukio 5 hadi 14 kwa saa ni ugonjwa mwepesi, 15 hadi 29 ni wa wastani, na 30 au zaidi ni mkali. Mwenye matukio 30 kwa saa hukatizwa usingizi kila baada ya dakika mbili usiku kucha, na bado watu wa nyumbani humwambia kwamba amelala vya kutosha. Iko pia aina nyingine, isiyoonekana sana, ambapo koo liko wazi lakini ubongo ndio unaosita kutoa amri ya kupumua. Hiyo huwapata zaidi wenye moyo uliodhoofika na wanaotumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini.

Mimi ndiye niliyeusikia ugonjwa wa mume wangu kabla ya daktari yeyote. Alikuwa akikoroma kwa nguvu, kisha ghafla kimya. Nikimmulika kwa simu naona tumbo likipanda na kushuka, mdomo uko wazi, lakini nikiweka kiganja mbele ya pua sihisi hewa yoyote. Halafu hushtuka kama aliyeibuka kutoka majini, akameza mate, akageuka, akalala tena. Asubuhi kichwa kilimgonga na koo lilikuwa limekauka, na usiku alikuwa ameamka mara kadhaa kwenda haja ndogo. Katika kituo kimoja cha afya alipewa dawa za presha, zikaongezwa, zikabadilishwa, na presha ikakataa kushuka. Hakuna aliyeniita mimi chumbani. Huko njiani shahidi alikuwa tanboi wake, kijana mpole anayelala naye kwenye kabini, ambaye siku moja alinivuta kando akaniambia, "Mama, mzee akilala huwa anaacha kupumua."

Mgonjwa wa apnea hawezi kujishuhudia, kwa maana yuko usingizini jambo linapotokea. Ukimuuliza peke yake atakuambia kwamba analala vizuri ila amechoka tu, na daktari ataandika uchovu. Kwa hiyo swali hilo ni lazima lifike kwa mke, kwa mume, kwa ndugu wanaolala chumba kimoja, na kwa tanboi, hata kama ni kwa simu. Presha isiyosikia dawa inapaswa kuwa sababu tosha ya kuuliza, kwa kuwa kila pumzi inapokatika mwili huingia katika hali ya hatari na mishipa hubana, na hilo likirudiwa usiku baada ya usiku presha hubaki juu hata mchana. Kiharusi na mapigo ya moyo yasiyo sawa navyo vimehusishwa na ugonjwa huu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba watu wazima wapatao milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wanao kwa kiwango fulani.

Kuuliza hakuhitaji bajeti kubwa. Watafiti wa Toronto, Kanada, walitoa mwaka 2008 dodoso la maswali manane liitwalo STOP-Bang: unakoroma kwa nguvu, unachoka mchana, umeonekana ukikatika pumzi, una presha, uzito wako umepita kiasi kikubwa kwa urefu wako, umepita miaka 50, shingo yako ina mzunguko unaozidi sentimita 40, wewe ni mwanamume? Majibu matatu ya ndiyo yanatosha kumshuku mtu, na matano huashiria hatari kubwa. Muuguzi anahitaji karatasi moja na futi ya fundi cherehani.

Sasa niseme kuhusu woga, kwa sababu bila kuutuliza woga maswali yote yatajibiwa kwa uongo. Dereva akikiri kwamba husinzia barabarani huona kazi ikimponyoka papo hapo. Kwa hiyo hutafuna miraa au muguka tangu Mlolongo ili macho yasifumbe, na akifika Salgaa usingizi umekataa kuja, hunywa bia mbili tatu ili alale. Pombe hulegeza koo zaidi, pumzi hukatika zaidi, na kesho yake huhitaji miraa zaidi. Si haki kumwita mtu huyo mzembe. Anapambana na ugonjwa asioujua kwa silaha alizo nazo. Nchini Uingereza, dereva wa lori mwenye ugonjwa wa wastani au mkali unaomsinzisha mchana huacha kuendesha mpaka udhibitiwe, kisha hurudi barabarani akiwa chini ya uangalizi wa daktari. Ni utaratibu wenye huruma na usalama kwa pamoja, na una msingi: tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba madereva wasiotibiwa hupata ajali takriban mara mbili ya wengine au zaidi, na kwamba hatari hiyo hushuka wanapotibiwa. Najua leseni ziko mikononi mwa NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, wala si mwako. Hata hivyo, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka hospitali na zahanati za kaunti chini ya serikali ya kaunti, na sauti yako mbele ya NTSA na wenye malori itasikika kuliko yangu.

Kuhusu kipimo, sisi tulilazimika kwenda Nairobi. Sioni kwa nini iwe hivyo kwa jiji lenye hospitali ya rufaa. Vipo vifaa vidogo ambavyo mgonjwa hupewa akalale navyo nyumbani: mkanda kifuani, kijibomba puani na kibano kidoleni, na asubuhi hurudishwa vikasomwe na mtaalamu. Vichache tu vya aina hiyo vingewahudumia wengi, na wenye matatizo magumu zaidi ndio wangesafiri kwenda kulala maabara.

Matibabu yanayotegemewa zaidi ni mashine ya CPAP, iliyobuniwa na daktari Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, na kutangazwa mwaka 1981. Husukuma hewa kwa shinikizo la wastani kupitia barakoa ya puani, na hewa hiyo huzuia koo lisijifunge. Haiponyi, usiku usipoivaa, ugonjwa unarudi. Wiki za kwanza ni ngumu. Barakoa isiyokaa sawa huvujisha hewa machoni, pua hukauka, na mtu hujihisi amebanwa, na wengi huiacha hapo kwa kukosa mtu wa kuwabadilishia barakoa. Yetu tuliinunua kwa mkopo wa chama na michango ya ndugu, na mume wangu huitumia hata ndani ya trela kwa umeme wa betri. Presha yake imeanza kusikia dawa. Nasisitiza jambo hili: hospitali ikinunua mashine za kuazimisha bila kumfunza muuguzi wa kuwafuatilia wagonjwa, mashine hizo zitaishia uvunguni. Na zikija za msaada zilizokwisha kutumika, zikaguliwe kwanza, kwa maana mwaka 2021 kampuni ya Philips ililazimika kuomba mamilioni ya mashine zake zirudishwe kwa sababu ya sponji ya ndani iliyokuwa ikichakaa.

Si kila mgonjwa anahitaji mashine. Kupunguza uzito, kulala ubavu na kuacha pombe wakati wa kulala huwasaidia wengi wenye ugonjwa mwepesi, na kipo kifaa cha mdomoni, kinachotengenezwa na daktari wa meno, ambacho husogeza taya la chini mbele. Watoto wanaokoroma kwa sababu ya mafindofindo makubwa mara nyingi hupona kwa upasuaji. Ninao darasani wanaosinzia kabla ya saa nne asubuhi, na ningependa wapimwe kabla ya kuitwa wavivu. Dawa ya kupunguza uzito iitwayo tirzepatide, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2024 kwa wagonjwa wenye unene uliokithiri, bado ni ghali mno kwa watu wa kipato chetu.

Naomba basi dodoso hilo lianze kutumika katika kliniki za presha mwaka huu wa fedha, vifaa vya kupima viwekwe katika hospitali ya rufaa, na upeleke mbele ya Mamlaka ya Afya ya Jamii hoja ya kipimo na mashine kulipiwa na bima. Mume wangu yuko tayari kuja ofisini kwako kueleza mbele ya wenye malori jinsi anavyoishi na ugonjwa huu, na ameniruhusu niliandike hilo hapa.

Wako mwaminifu,
Mwalimu na mke wa dereva, Nakuru