Kwa wazazi wenye watoto Ujerumani: Kiswahili kisiwe lugha ya kugombeza

Wanangu mlioko Hamburg, Bremen, Bonn na kwingineko,

Salaam nyingi. Nawaandikia kwa pamoja, ninyi mliooa na mlioolewa huko, maana kila anayenipigia simu ananiletea lalamiko lile lile: mtoto anaelewa Kiswahili lakini hajibu.

Nimekaa majumbani kwenu nikasikiliza. Kutwa ni Kijerumani: hadithi, michezo, hata kubembeleza. Mtoto akimwaga maziwa ndipo Kiswahili kinatoka: "Wewe! Hebu koma! Una wazimu?" Nani atataka kuijibu lugha inayomjia imekunja uso? Kugombeza gombezeni kwa lugha yoyote. (Fimbo msiniulize, huko tangu mwaka 2000 sheria inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa, na mimi naafiki.) Kiswahili kiwekeni kwenye raha zake, wakati wa kuoga, wa kusukwa, wa vitendawili kabla ya kulala. Na kusuka ajifunze hata baba Mjerumani, mikono si anayo!

Tena mpeni watu, si mapambo. Kitenge cha sherehe na picha ya twiga ukutani havimlei mtoto. Mpigieni bibi simu, kisha tokeni chumbani. Mkikaa kumtafsiria, ataongea na ninyi tu. Shikamoo ikitoka imepinda, bibi ataipokea hivyo hivyo.

Ila wenzi wenu waelezeni mapema habari za utani. Nimemwona mkwe akibadilika rangi pale babu alipomwita mjukuu wake mdogo "mke wangu" na kumdai chai. Masikini, alisikia jambo baya kabisa. Kwetu huo ndio upenyo wa mtoto kwa wazee: kwa baba yake ana adabu na woga, lakini babu anaruhusiwa kumjibu, kumcheka, kumnyang'anya kofia, kumwambia "sikutaki, huna meno." Mwenzio akielezwa na bado moyo ukamkataa, msigombane. Babu atatafuta jina jingine, utani uendelee.

Ndugu wa huku nao waonywe kabla hamjafika. Kumwita mtoto "mzungu" barabarani siku nzima kunachosha, hata kama wanacheka. Nanyi acheni kumhesabu nusu kwa nusu. Ana Oma, yaani bibi wa Kijerumani, ana bibi wa huku, wote wazima.

Kuhusu pasipoti sina mengi. Kenya imeruhusu uraia pacha kwa Katiba ya 2010, Ujerumani nayo imelegeza tangu Juni 2024. Tanzania bado, na mtoto mwenye uraia wa nchi mbili akishatimiza miaka 18 hutakiwa kuchagua. Mwambieni mapema, asije akashtukia ukubwani. Na akichagua ya Kijerumani kwa sababu ya masomo au kazi, msimwite msaliti. Mbona ninyi wenyewe mlivuka kutafuta maisha?

Mkija likizo ya kiangazi, msimfungie hotelini Nungwi. Mleteni Tanga alale mkekani na binamu zake, atumwe dukani, agombanie nyama sinia moja na wenzake. Ninyi nendeni zenu ufukweni mkapumzike. Chandarua nitanunua mimi. Dawa ya kukinga malaria muulizeni daktari wa huko kabla hamjasafiri.

Mama yenu,
Tanga