Harufu ya utomvu kwenye mafuta ya pistachio mwitu

Swali tunaloulizwa zaidi na wateja wa mafuta ya pistachio mwitu linahusu harufu. Mtu anafungua chupa mpya, anakutana na kitu kinachokaribiana na msonobari au tapentaini, anaifunga haraka na kutuandikia kwamba tumemuuzia mafuta mabovu. Si mabovu. Hiyo ni harufu ya mti wenyewe, na mafuta yaliyochacha hunuka vingine.

Mti huo si ule wa pistachio za kutafuna, unaolimwa mashambani. Ni ndugu yake, Pistacia atlantica, unaojiotea kuanzia Visiwa vya Kanari na Afrika Kaskazini hadi Iran na Afghanistan. Mafuta tunayouza hutoka kwenye milima ya Zagros, magharibi mwa Iran, ambako huitwa baneh. Matunda yake hayafiki hata sentimita moja kwa upana. Ukoo wake ni ule wa mwembe na mkorosho, na aliyewahi kuchuma embe likamtirizikia utomvu mkononi anajua miti ya ukoo huu ilivyo.

Kiangazi cha Zagros hupita miezi bila mvua, na ardhi ni ya mawe. Mti huzamisha mizizi mbali, majani yake yana nta, na joto likizidi hufunga vitundu vya kupumulia ili maji yasipotee. Lakini kufunga vitundu kuna gharama yake. Kabonidioksidi haiingii tena, ilhali mwanga unaendelea kulipiga jani. Nishati iliyokosa kazi huishia kwenye oksijeni na kuifanya iwe kali, nayo hushambulia utando wa seli, ambao kwa sehemu kubwa umejengwa kwa mafuta. Kwa hiyo adui wa jani kule mlimani ndiye adui wa chupa yako kabatini.

Mti umejiandaa. Una vimeng'enya kama katalasi vya kuvunja sumu zitokanazo na oksijeni hiyo, una prolini ya kushikilia maji ndani ya seli, una tanini, vile vitu vikakasi vinavyopatikana pia kwenye chai, na una tokoferoli, yaani jamii ya vitamini E, ambazo hukaa ndani ya utando wenyewe na kukatisha shambulio kabla halijasambaa. Matunda yakikamuliwa, vitu hivi hutengana. Prolini na vimeng'enya hupendana na maji, hivyo karibu vyote hubaki kwenye mashudu. Tokoferoli huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo huja chupani na kuendelea na kazi ileile. Utomvu nao huja. Ndani yake mna alfa-pineni, kemikali ileile inayotawala harufu ya tapentaini, ambayo mti huitumia kufukuza wadudu, huku utomvu wenyewe ukiziba majeraha ya gome. Mabaki ya utomvu wa jamii hii ya miti yalikutwa kwenye mitungi ya divai huko Hajji Firuz Tepe, kaskazini-magharibi mwa Iran, yenye umri wa miaka 7,000 hivi, kwa hiyo si sisi wa kwanza kuuvumilia.

Tungeweza kuiondoa harufu. Mafuta husafishwa kwa mvuke wa moto hadi yasinuke chochote, lakini sehemu ya tokoferoli huondoka pamoja na harufu. Sisi tumechagua kuyaacha yalivyo.

Sasa, utatofautishaje? Harufu ya utomvu ni kali unapofungua chupa, kisha hudhoofika mafuta yakikaa wazi kwenye kisahani, kwa sababu alfa-pineni hupeperuka. Harufu ya kuchacha ni ya njugu kuukuu; haiishi, huzidi siku hadi siku, na ladha yake hukwaruza koo. Inatokana zaidi na asidi ya linoleiki, mojawapo ya asidi zinazounda mafuta. Karibu nusu ya mafuta haya ni asidi ya oleiki, ambayo ni tulivu. Linoleiki ni kama robo hadi theluthi, na oksijeni huila mara kumi au zaidi ya kasi inavyoila oleiki.

Kitu kimoja tunakuomba usifanye: usihamishie mafuta haya kwenye chupa angavu kwa ajili ya kupendezesha meza. Ukijani wake ni klorofili, kwa kuwa tunda hukamuliwa zima pamoja na ganda lake laini la nje. Klorofili ikipigwa na mwanga huikabidhi oksijeni nishati, na hapo tokoferoli huelemewa. Chupa yetu ni nyeusi kwa sababu hiyo. Iweke penye baridi, na mafuta yakiacha kuwa maangavu, usiogope: ni asidi ya palmitiki na wenzake wanaoganda. Yakipata joto la chumba yatarudi kuwa maangavu.

Usitarajie pia chupa mbili za misimu tofauti zifanane. Miti ya mwitu imeota kwa mbegu, kila mmoja na asili yake, wala haikubebeshwa aina moja kama ya mashambani. Mwaka mmoja huzaa sana, mwaka unaofuata huzaa kidogo.

Wengine hutuuliza kama mafuta haya hutibu ngozi au tumbo. Hatuyauzi kama dawa. Mti kustahimili ukame hakumaanishi kwamba anayejipaka mafuta yake atastahimili lolote. Na kama korosho au pistachio hukudhuru, usiyale wala usiyapake: mafuta yasiyosafishwa yanaweza kuwa na chembe za protini, na anayedhuriwa na mojawapo ya njugu hizo mara nyingi hudhuriwa na nyingine pia.