Malalamiko Kuhusu Kipimo cha Mafuta cha Dashibodi Kilichomtia Dereva Wangu Hatiani

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Uuzaji wa Malori,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: TAARIFA ZISIZO SAHIHI ZA MATUMIZI YA MAFUTA KWENYE DASHIBODI YA LORI LANGU

Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Mimi ni mmiliki wa kichwa cha semi-trela nilichonunua kwenu, kinachobeba mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Miezi miwili iliyopita nilileta karakana kwenu lalamiko kwamba mafuta ninayolipia kituoni ni mengi kuliko yale yanayoonyeshwa na dashibodi. Fundi wenu alitazama skrini, akaniambia mbele ya dereva wangu kwamba kompyuta haidanganyi, hivyo mafuta yananyonywa njiani. Nilimsimamisha kazi dereva huyo, ambaye amenitumikia miaka 11 bila doa, kwa majuma mawili. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonifanya nipande gari mwenyewe.

Tulijaza tangi hadi shingoni, tukafunga kifuniko kwa lakiri, na funguo za gari nikazishika mimi. Kwa kwenda na kurudi, kifaa cha setilaiti kilihesabu kilomita 1,868, wakati dashibodi ilihesabu 1,926. Dashibodi ilisema tumetumia lita 780, yaani wastani wa lita 40.5 kwa kilomita 100, lakini kulijaza tena tangi hadi pale pale kulihitaji lita 860, ambazo kwa umbali halisi ni lita 46 kwa kilomita 100. Kila tulipoongeza mafuta njiani nilikata lakiri kwa mkono wangu na kuweka nyingine, na risiti zote zimo ndani ya hesabu hiyo.

Tofauti ya umbali ina sababu inayoonekana kwa macho. Kompyuta haioni barabara. Inahesabu mizunguko inayosomwa na sensa iliyopo kwenye gia boksi, kisha inaizidisha kwa mzingo wa tairi ulioandikwa ndani yake. Gari lilikuja na matairi ya 315/80R22.5, na karakana yenu ndiyo iliyofunga ya 295/80R22.5 kwenye magurudumu ya kuvuta, ambayo mzingo wake ni mdogo kwa takriban asilimia 3, bila mtu yeyote kubadilisha kipimo hicho kwenye kompyuta. Tangu siku hiyo gari linajihesabia kilomita ambazo halijatembea, na wastani unapendeza kwa kiasi hicho hicho.

Kuhusu lita 80 zilizopotea, nilikaa kwenye foleni ya mizani ya Mpemba injini ikiunguruma, nikiikodolea macho skrini. Tulipokuwa tumesimama ilionyesha lita 2.6 kwa saa, lakini tarakimu ya lita za safari haikusogea hata kidogo kwa muda wa dakika 40. Kwa daftari langu, tulisimama hivyo saa 19 kwa safari nzima, ambazo ni takriban lita 49. Hizo zilichomwa na injini, wala hazikunyonywa na mtu.

Zinabaki lita 31. Fundi mwingine alinieleza jambo ambalo nilistahili kulisikia kwenu, kwamba lori hili halina mita inayopima mafuta yanayopita kwenye bomba. Kompyuta inakadiria tu, kwa kuangalia kila nozeli, yaani kifaa kinachopulizia mafuta ndani ya injini, imefunguliwa kwa muda gani na kwa shinikizo kiasi gani. Ndiyo maana tukiteremka mlima wa Kitonga kwa gia, mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, skrini inaandika 0.0, kwa kuwa nozeli zimefungwa. Nozeli ikipitisha kidogo zaidi ya inavyodhaniwa, kompyuta haijui. Makadirio ya namna hiyo yanafaa kumsaidia dereva kulinganisha mwendo wake wa leo na wa jana, lakini kuyafanya ushahidi wa wizi ni kosa kubwa, na linalofanywa na watu walioijua mashine kuliko sisi halina udhuru.

Kwa hiyo naomba mwingize kwenye kompyuta mzingo wa matairi yaliyofungwa, mpime nozeli, na mrekebishe kipimo kwa kulinganisha na pampu. Gari litakuwa Dar es Salaam Jumamosi hii. Naomba pia maelezo ya maandishi kuhusu kinachohesabiwa na kisichohesabiwa katika wastani huo, kwa sababu kitabu mlichonipa hakisemi.

Zaidi ya yote, naomba barua ya kufuta tuhuma dhidi ya dereva wangu, iandikwe kwa jina lake na isainiwe na mkuu wa karakana. Mshahara wa majuma yale mawili nimemlipa, na radhi nimemwomba mbele ya utingo wake. Yeye anaondoka tena Jumatatu alfajiri, na ningependa aondoke barua hiyo ikiwa mkononi mwake.

Wako mwaminifu,

Mmiliki wa gari