Italia siyo Roma na Venice tu, kuna Abruzzo

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila mkiandika habari za Italia ni Roma, Venice na mpira wa Milan basi, mbona Abruzzo hamuigusi kabisa? Mkoa upo mashariki mwa Roma, unapanda basi la Pescara asubuhi, unakatiza milima na mchana ushafika pwani ya Adriatiki. Kusini mwa Pescara kuna trabocchi, yaani vibanda vya mbao vya wavuvi vimesimama juu ya maji kwa nguzo, wavu mkubwa unashushwa na kuvutwa papo hapo bila boti, na siku hizi vingine ni migahawa.

Mlima wao Corno Grande una mita 2,912, safu yote ya milima ya Apennines hakuna unaoupita. Ila mi vijiji vya vilimani ndo vimenishika, Santo Stefano di Sessanio ile ya mawe matupu, na ngome ya Rocca Calascio juu zaidi ya mita 1,400, watu wengi walishahama zamani kutafuta kazi, halafu tetemeko la Aprili 2009 likaipiga L'Aquila, mji mkuu wa mkoa, likaua watu zaidi ya 300. Sehemu kama hizo mgeni akilala na kula pale hela yake inaonekana kweli. Na chakula jamani! Arrosticini ni mishikaki midogo ya kondoo, chumvi tu na mkaa.

Tumeni mwandishi huko, akodi gari maana kule juu mabasi ni machache.

Msomaji wenu