Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: mstari wa tatu wa bango lile si kweli

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi,

Yah: Bango jipya la ukumbini na barua za Kilwa za mwaka 1711

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Ningependa barua hii ikufikie kwa njia ya kawaida, yaani ipokelewe masjala, igongwe mhuri, iingizwe kwenye faili. Njia hiyo nimekwisha kuipita mara tatu, na nakala zangu tatu zenye mhuri wa "Imepokelewa" ninazo hapa mezani ndani ya bahasha ya kaki. Kila nilipofuatilia, karani, kijana mwenye adabu ambaye simlaumu kwa lolote, alifungua faili, akapekua karatasi mbili tatu, kisha akaniambia kwamba barua yangu haionekani. Ndiyo maana leo nakuandikia mbele za watu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, na kazi ya kuwatembeza wanafunzi katika ukumbi wenu wa mambo ya kale naifanya bila malipo, kama unavyojua, kwa kuwa wewe mwenyewe uliwahi kunishukuru kwa kazi hiyo kwenye kipaza sauti. Jumatano iliyopita nilikuja na watoto 21 wa darasa la sita. Bango jipya lilikuwa bado linanuka rangi. Mtoto mmoja, msomaji mzuri, akalisoma kwa sauti, na alipofika mstari wa tatu akakuta kwamba kabla ya kuja kwa wamisionari Kiswahili hakikuwa lugha ya maandishi. Akanyamaza, akanigeukia: "Mwalimu, mbona wewe ulituambia kuna barua?" Wenzake wote 20 wakanitazama. Mheshimiwa, nimesimama mbele ya wakaguzi wa elimu kwa miaka mingi na sikuwahi kukosa la kusema kama nilivyokosa siku ile, kwa sababu bango lina nembo ya serikali na mimi nina chaki tu.

Nilichowaambia watoto ni hiki, na nakirudia ili kisije kikasemwa ni porojo za mzee. Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa kwanza wa zama zile kuweka makazi Mombasa, alifika mwaka 1844. Lakini katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India, zimo barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Kati ya 1711 na 1844 ni miaka 133. Na mtu akisema barua ni jambo dogo, aende Hamburg, iliko nakala ya utendi mrefu wa vita vya Herekali, mfalme wa Warumi, uliotungwa Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, na Bwana Mwengo, yenye mwaka wa 1141 Hijiria, sawa na 1728. Watu wasio na maandishi hawatungi tenzi wakazitia tarehe.

Katika majina yanayofungamana na barua hizo za Kilwa limo la Mfalme Fatima. Naomba usome tena, maana watoto wa kike katika kundi langu waliniomba nirudie: Mfalme, na jina lake Fatima. Alitawala Kilwa wakati mgumu. Mji wake ulikwisha kuvamiwa na Francisco de Almeida, mkuu wa merikebu za Wareno, mwaka 1505, Wareno wakajenga ngome, wakaiacha baada ya miaka michache. Mwaka 1698 Waomani waliwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu, Mombasa, baada ya kuizingira tangu 1696, na kuanzia hapo Kilwa ikajikuta kati ya wakubwa wawili, Waomani upande wa kaskazini na Wareno waliobaki Msumbiji upande wa kusini. Ukiwa mtawala wa kisiwa kidogo kati ya wakubwa wawili, unafanya nini? Unaandika barua. Hata mfalme wa Mombasa, mji wake ulipochomwa na Almeida huyo huyo mwaka 1505, alimwandikia mfalme wa Malindi kumweleza yaliyompata, na hao wawili walikuwa mahasimu. Watawala wa pwani hii walikuwa watu wa kalamu kabla Ngome ya Yesu haijajengwa mwaka 1593.

Sasa niruhusu niseme jambo linalonikera kuliko yote. Wareno hatuwadai wema. Walitoza, walichoma, walibomoa. Lakini barua za Kilwa zilipowafikia walizitunza, zikavuka bahari mpaka Goa, makao makuu yao ya upande huu wa dunia, na zimedumu miaka zaidi ya 300. Ofisi yako imeshindwa kutunza barua tatu za mwalimu mstaafu kwa miaka miwili, wakati hazikuvuka hata barabara.

Nilipokwenda Mombasa kumwona binamu yangu nilisimama muda mrefu chini ya jiwe lililo juu ya lango la Ngome ya Yesu. Liliwekwa mwaka 1639 na kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome ile akiwa kijana wa miaka 27. Jiwe zima ni majigambo: amewatiisha watu wa pwani, amewatoza wafalme kodi, ameiadhibu Pate na Siyu kwa adhabu isiyopata kuonekana, hata kuta za miji akazibomoa. Anataja pia "mfalme dhalimu" aliyewaasi. Huyo ni Yusuf bin Hasan, ambaye baba yake aliuawa kwa njama za Wareno, naye akachukuliwa mtoto kwenda Goa, akalelewa na mapadre, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kutawala, na mwaka 1631 akawageukia. Kapteni alichonga jiwe, na jiwe lake lipo mpaka leo, mgeni yeyote hulisoma akipita. Mfalme Fatima hana hata nakala ya kivuli ya barua ukutani kwetu.

Na uliahidi, Mheshimiwa. Siku ya kukata utepe, miaka miwili iliyopita, nikiwa nimeketi safu ya pili, ulisema nakala za barua za Kilwa zitaombwa Goa na zitakuwa ukutani kabla ya Idi. Hukutaja Idi ya mwaka gani, nakiri kosa ni langu kutokuuliza. Zimepita Idi nne, ndogo na kubwa.

Sijui nani aliandika bango. Nadhani, na hapa nabahatisha, kwamba maneno yalitafsiriwa kutoka kijitabu cha zamani cha mfadhili fulani, kwa kuwa Kiswahili chake kinakwenda kama mtu aliyevaa viatu vya mwenziwe. Au labda aliyeshinda zabuni alilipwa kwa idadi ya mabango, si kwa ukweli wake. Ninachojua ni kwamba rasimu nilionyeshwa, nikazungushia mstari wa tatu kwa wino mwekundu, na ulipochapishwa ukatoka vilevile, ila mkubwa zaidi.

Katika kufuatilia nimepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa pensheni unayoifahamu, na benchi la nje ya ofisi yako halina egemeo, magoti yangu yanalijua. Nikaleta na daftari la marehemu nyanya yangu, aliyeandika madeni ya unga na sukari kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ili mpigapicha wenu alipige picha na mtu aone kwa macho yake. Lilipokelewa kwa mkono wa kulia. Nalo halionekani. Mke wangu haniulizi tena habari za ukumbi, ananiuliza habari za daftari.

Nilianza na maombi matano. Niliomba nakala za Goa, bango jipya, ukuta wa watunzi wa tenzi wa Pate, mafunzo kwa watembeza wageni, na daftari langu. Naona yamekuwa mengi kwa ofisi moja. Basi nayaweka kando yote, hata la daftari, nikuombe moja tu. Wiki ijayo nina kundi jingine la watoto. Naomba mstari wa tatu ufunikwe. Sihitaji fundi wala kikao cha bajeti. Karatasi nyeupe ninayo, gundi ninayo, na kigoda cha kupandia nitakuja nacho kutoka nyumbani. Nahitaji ruhusa yako ya maandishi, na ikikupendeza mpe mlinzi wa mlangoni badala ya masjala.

Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu wa historia