Wanaojitolea waje, lakini kumbukumbu zibaki Zanzibar

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu vijana wa kigeni wanaokuja kujitolea katika uhifadhi wa wanyama, kwani kila vyuo vya Ulaya vinapofungwa tunawaona Nungwi, Kizimkazi na Jozani, wakiwa wamejilipia nauli, malazi na ada ya mradi ili wafanye kazi ambayo kijana wa hapa, hata akiitaka, hajui akaiombe wapi.

Sina ugomvi na wageni hao. Wengi wana nia njema, na wako wanaoamka alfajiri kukagua pwani ambayo sisi tunaoishi jirani nayo hatuikagui. Ninachokihoji ni namna kazi yenyewe inavyopangwa. Kasa akishataga, mayai hukaa mchangani takriban miezi miwili ndipo yaanguliwe, na kasa mchanga aliyesalimika baharini huchukua miaka 20 na zaidi kabla ya kuwa mkubwa wa kutaga. Kijana aliyekuja kwa wiki mbili au tatu hupima gamba kwa utepe, huandika urefu, upana, tarehe na mahali kilipo kiota, kisha huondoka hata mayai hayajaanguliwa. Hilo si kosa lake. Kosa ni kuwa vipimo hivyo huondoka naye ndani ya kompyuta yake, na anayemfuata huanza upya. Niliwahi kuuomba mradi mmoja, ambao sitoutaja, unioneshe kumbukumbu za viota vya miaka ya nyuma katika pwani ya kwetu, nikajibiwa kuwa wanazo waliokwisha kurudi makwao.

Majirani zetu wa Shelisheli hawakufanya hivyo. Katika kisiwa cha Cousin ng'amba, aina mojawapo ya kasa, wanaotaga wamekuwa wakifuatiliwa tangu miaka ya 1970, na kwa kuwa hesabu haikukatika, leo wanaweza kuonesha kuwa wanyama hao wameongezeka mara kadhaa. Huko ndiko ningependa vijana wetu nao wapelekwe kujitolea, waone jinsi daftari moja linavyopokezanwa kutoka mkono hadi mkono, maana mazungumzo yetu ya kujitolea ng'ambo daima huwa ni ya wanaokuja, si ya wanaokwenda.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kupata ushahidi kuwa wenyeji wanaweza. Popo wa Pemba alikaribia kutoweka kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu, lakini vijiji vilipojipangia ulinzi, Kidike kikiwamo, idadi yake ilipanda hadi kufikia maelfu mengi. Katika kisiwa cha Chumbe nako, waliokuwa wavuvi ndio waliofunzwa kuwa walinzi wa matumbawe.

Kwa hiyo naiomba Serikali, kupitia idara zinazotoa vibali, iweke sharti kwamba mradi wowote unaopokea wageni wa kujitolea umweke kijana wa Kizanzibari pamoja na kila mgeni, awe mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) au aliyemaliza skuli katika shehia husika, na posho yake itoke katika ada anayolipa mgeni. Wenye miradi watasema ada itapanda. Ipande kidogo, aliyekwisha kulipa tiketi ya ndege kutoka London hatashindwa na nyongeza hiyo. Aidha, nakala ya vipimo vyote ibaki katika kamati ya uhifadhi ya shehia na katika idara yenyewe, kabla mgeni hajaondoka na si baada ya kukumbushwa kwa barua pepe ambazo hazijibiwi.

Sharti hilo likiandikwa katika vibali vya msimu ujao, kamati zetu zitapata muda wa kutosha kuwachagua vijana na kuwafundisha kupima kabla wageni hawajawasili.

Wako,
Mkaazi wa Matemwe,
Mkoa wa Kaskazini Unguja